Wageni wa Oktoba: Somo la Ndege Wanaohama kwa Vijana wa Mtama



Tuko kwenye majira ambayo Kanisa linaadhimisha Kipindi cha Uumbaji, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Parokia nyingi hukimaliza kwa kupanda miti, na ni jambo zuri sana. Ila mwaka huu nataka tufanye kitu cha bei rahisi zaidi, kisichohitaji hata jembe. Tutazame juu. Wiki hizi hizi ambazo sisi tunaimba nyimbo za uumbaji, anga ya Mtama inapokea wageni waliotoka Ulaya, Urusi na China. Hawana pasipoti wala nauli, na hakuna anayewapokea kwa sababu hakuna anayejua kwamba wamefika.

Somo letu ni Yeremia 8:7. Fungua Biblia yako usome mwenyewe kwanza, mimi nitakusubiri hapa.

Umesoma? Basi umeona kwamba nabii anawataja ndege wanaosafiri, akiwemo mbayuwayu, anasema kila mmoja anajua wakati wake wa kuja na anaushika. Halafu anawageukia watu wa Mungu na kuwaambia kwamba wao hawajui Bwana anataka nini kwao. Ni maneno makali. Lakini angalia jambo moja ambalo wengi tunalipita. Nchi ile aliyoishi Yeremia iko katikati ya njia kuu ya ndege wanaotoka Ulaya na Asia kuja Afrika. Mpaka leo korongo weupe mamia ya maelfu wanapita juu ya nchi hiyo mara mbili kwa mwaka, wakienda na wakirudi. Yeremia alikuwa kijana wa kijijini, Anathothi, karibu na Yerusalemu. Hakuutoa mfano huu kitabuni. Aliwaona ndege wenyewe wakipita, na watu aliokuwa akiwaambia walikuwa wamewaona pia.

Sasa hapo ndipo ninapopata shida na sisi. Karipio la nabii linafanya kazi kwa watu wanaojua mbayuwayu anakuja mwezi gani. Sisi hata kukaripiwa kwa mfano huo hatuwezi. Ukimwuliza kijana wa leo, "Mbayuwayu wameingia lini mwaka huu?" atakuangalia kama umemwuliza bei ya mafuta ya ndege ya Air Tanzania.

Wageni wenyewe ni akina nani

Tuanze na mbayuwayu, kwa kuwa ndiye rahisi. Hapa kwetu kuna ndege kadhaa wa aina hiyo wanaokaa mwaka mzima, wale wanaojenga viota vya udongo chini ya mapaa ya shule na makanisa. Hao ni wenyeji. Mgeni ni mwingine. Ana koo jekundu la kutu, mkanda mweusi kifuani, mgongo wa bluu unaong'aa, na mkia uliogawanyika wenye ncha mbili ndefu nyembamba. Huyu hajengi kiota hapa. Amezaliwa Ulaya au Asia, kwenye banda la ng'ombe au chini ya daraja, na anaanza kuonekana kwetu mnamo Septemba. Wengine wanaendelea mpaka Afrika Kusini, safari ya karibu kilomita 10,000. Uzito wake ni gramu 20 hivi. Kwa mtu wa Mtama hesabu hiyo ni rahisi: chukua korosho zilizobanguliwa kama kumi na tano, ziweke kiganjani. Umembeba mbayuwayu.

Wa pili ni yule ndege wa bluu wa kwenye nyaya za umeme. Hapa inabidi uwe makini maana wapo wawili. Mwenyeji ana kifua cha rangi ya zambarau na manyoya mawili marefu mkiani, na yuko mwaka mzima. Mgeni kichwa na kifua vyote ni bluu, mgongo wake ni wa kahawia, na hana yale manyoya marefu mkiani. Anaingia kati ya Oktoba na Novemba. Ukipita barabara ya kutoka Mnazi Mmoja kwenda Masasi, hesabu ndege wa bluu kwenye nyaya mwezi Septemba, halafu hesabu tena Desemba. Wewe jaribu tu, utaona tofauti.

Kuna keremkerem, yule mla nyuki, ambaye mara nyingi utamsikia kabla hujamwona. Wanapita juu sana kwa makundi wakiitana kwa sauti laini ya kububujika, na ukiinua uso ni vinukta tu angani. Na kuna ndege wa majini na matopeni: vitwitwi wa kila aina, na sululu, ambaye jina lake linafanana na lile la chombo cha kuchimbia, na ukiuona mdomo wake uliopinda hutauliza kwa nini. Hawa utawapata zaidi pwani, kwenye mashamba ya chumvi ya Lindi na kwenye fukwe za matope kati ya mikoko mpaka Kilwa. Kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo ana uzito wa gramu 60 hivi na anazaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, mahali ambapo majira ya joto ni wiki chache tu. Huko huko pwani yuko ndege mwingine wa ajabu, mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene kama kisu cha jikoni. Anakula kaa. Nyumbani kwake ni kwenye fukwe na visiwa vya Oman, Iran na majirani zao. Anachimba shimo kwenye mchanga na kutaga yai moja tu, jeupe, chini ya ardhi. Kwa hiyo biashara ya Kilwa na Oman hawakuianza binadamu peke yao.

Na si wote wanaotoka kaskazini. Wakati hawa wanaingia, wengine wanaaga. Kuna ndege wa jamii ya yangeyange anayezaliana Madagaska, ambaye huja kukaa kwenye mabwawa na mito ya bara kuanzia mwezi wa tano na kuondoka kama Oktoba. Yuko hatarini kutoweka duniani. Kwa hiyo Oktoba hapa ni kama stendi ya mabasi siku ya Ijumaa jioni, gari linashusha upande huu na lingine linapakia upande ule.

Tulichukua muda mrefu kujua

Msije mkadhani kwamba wazungu walikuwa wanajua haya yote siku zote. Aristotle aliandika kwamba mbayuwayu hujificha kwenye mashimo wakati wa baridi. Na mwaka 1555, mjini Roma, Olaus Magnus, Askofu Mkuu wa Uppsala wa Kikatoliki aliyekuwa uhamishoni, alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba mbayuwayu wa Sweden hulala chini ya maji, na wavuvi huwavua na nyavu. Askofu mzima! Namtaja si kumcheka. Alikuwa mtu msomi kweli, ila alikuwa anaandika juu ya kitu ambacho nusu yake ilikuwa inatokea mahali asipokuwepo.

Jibu lilikuwa huku kwetu. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz nchini Ujerumani, alipigwa risasi korongo mweupe aliyekuwa na mshale mrefu umepenya shingoni, karibu sentimeta 80. Mshale ule ulikuwa wa Kiafrika. Ndege alikuwa amechomwa na mwindaji upande wetu, akaruka nao mpaka Ulaya. Amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mshale wake bado upo shingoni. Baadaye watu wakaanza kuwafunga ndege pete ndogo miguuni. Mbayuwayu mmoja aliyefungwa pete Staffordshire, Uingereza, mwezi Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, tarehe 23 Desemba 1912, siku mbili kabla ya Noeli.

Mimi nafikiri sana juu ya huyo mwindaji wa mshale. Hatumjui jina wala kabila. Alikuwa anatafuta kitoweo, akakosa, akaenda nyumbani mikono mitupu na pengine akachekwa. Kumbe alikuwa amemwandikia barua dunia nzima.

Bwawa la Doyang

Sasa nije kwenye habari ambayo ndiyo iliyonisukuma kuandika somo hili.

Kuna kozi mdogo anayeitwa kozi wa Amur, kwa jina la mto mkubwa wa mpakani mwa Urusi na China. Dume ni wa kijivu cheusi, ana miguu myekundu, na akiruka utaona weupe chini ya bawa. Uzito wake hauzidi gramu 200. Anazaliana Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini mwa China. Anapokuja Afrika anapita India, halafu anavuka bahari moja kwa moja bila kutua, zaidi ya kilomita 3,000, siku tatu au nne usiku na mchana, mpaka Somalia. Kutoka hapo anashuka Kenya, Tanzania, na kuendelea kusini. Anatufikia mwishoni mwa Novemba na Desemba, mvua zinapoanza, wakati kumbikumbi wanatoka. Ndiyo, kumbikumbi wale wale tunaogombania na wadogo zetu kwa ndoo na taa.

Kabla ya kuvuka bahari, kozi hawa wanakusanyika kaskazini mashariki mwa India, jimbo la Nagaland, kwenye bwawa la umeme la Doyang. Mwaka 2012 waandishi na wahifadhi waliofika huko walikuta maajabu mabaya. Wanakijiji walikuwa wametandika nyavu za samaki kati ya miti na kuwanasa maelfu kwa maelfu kila siku, wanawavua manyoya, wanawachoma kwa moshi na kuwauza. Ilikadiriwa kwamba zaidi ya kozi 100,000 waliuawa msimu ule mmoja.

Kabla hujawahukumu, sikia upande wao. Bwawa lilipojengwa, maji yalifunika mashamba. Watu waliokuwa wakulima wakageuka wavuvi. Ndege walianza kuja kwa wingi pale bwawani, na mtu mwenye wavu na watoto wa kusomesha akaona riziki imeshuka kutoka mbinguni. Hakuna aliyewaambia kwamba hao ndege ni wa nani na wanaenda wapi.

Sasa nini kilitokea? Watu wa Nagaland kwa sehemu kubwa ni Wakristo, Wabaptisti. Picha zilipotoka, wahifadhi hawakuleta polisi peke yake. Walikwenda kwenye mabaraza ya vijiji na makanisani. Habari ikahubiriwa. Watoto wakafundishwa. Vijiji vikaweka makubaliano na faini zao wenyewe. Mwaka uliofuata, 2013, msimu ulipita bila mauaji yale. Mwaka mmoja tu! Novemba ya mwaka huo watafiti waliwafunga kozi watatu vifaa vidogo vya satelaiti, wakawapa majina ya huko huko: Naga, Wokha na Pangti. Pangti ni kijiji kimojawapo kati ya vile vilivyokuwa vinatandika nyavu. Dunia ikafuatilia kwenye ramani jinsi walivyovuka bahari na kushuka Afrika Mashariki kuelekea kusini.

Kwa hiyo ukiona kundi la kozi wadogo likizunguka juu ya shamba la ufuta au la mihogo baada ya mvua ya kwanza, wakiwadaka kumbikumbi hewani kwa makucha na kuwala huku wanaruka, jua kwamba kuna mwanakijiji mahali fulani India aliyekunja wavu wake. Na sehemu ya pili ya ahadi yake iko mikononi mwetu, ingawa hatukuwepo kwenye mkutano.

Manati na ulimbo

Mwaka jana nilikwenda na vijana kadhaa kwenye lambo moja la kunyweshea ng'ombe. Mnajua kwamba zamani huku kwetu ng'ombe walikuwa wachache, kwa sababu ya mbung'o. Kuanzia mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu na Ihefu, wengi walielekezwa mkoa wetu, na sasa malambo na ng'ombe ni sehemu ya nchi. Yangeyange wanawafuata ng'ombe kama mapambo. Maji ya lambo mwishoni mwa kiangazi yanakuwa madogo, matope mengi, na matope ndiyo meza ya vitwitwi.

Tulikuta watoto watatu wana manati, na kwenye tawi wamepaka ulimbo. Mmoja wa vijana wetu akaanza kuwafokea. Mtoto mkubwa, labda miaka kumi na miwili, akamjibu kwa utulivu kabisa: "Kaka, hawa si wa kwetu. Wanakuja kula tu halafu wanaondoka."

Nilishindwa kumjibu pale pale. Ni hoja nzuri, tena tunaitumia watu wazima pia, na si kwa ndege tu.

Jibu nililolipata baadaye ni hili. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wageni wamekuja na majembe yao. Korongo weupe wanakula nzige na viwavijeshi. Ndege wa bluu anakula panzi na mende wa shambani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mbayuwayu anakula mbu na nzi. Hawagusi mtama wako wala mpunga wako. Wanaokula nafaka ni kwelea kwelea, na mkulima aliyewahi kuona shamba lake la mpunga likimalizwa na kundi la kwelea kwelea ana haki ya kulalamika. Sitamwambia aimbe zaburi. Ila tusichanganye mwizi na mgeni kwa sababu wote wana mabawa.

Na Maandiko yana kanuni hata kwa mwenye njaa. Soma Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Mwisraeli akikuta kiota njiani, anaruhusiwa kuchukua makinda au mayai, lakini mama amwachie aende. Ona jinsi sheria hii ilivyo ya kibinadamu. Inajua mtu ana njaa, haimkatazi kula, ila inamkataza kumaliza. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ambayo haimruhusu mtu kuwinda ndege wa porini bila kibali. Lakini wale watoto wa lambo hawakuhitaji kifungu cha sheria. Tulikaa nao kama saa moja. Tulikuwa na darubini moja kuukuu. Yule mkubwa aliishika, akamtazama kitwitwi aliyekuwa anachokoa matope hatua ishirini hivi kutoka tulipokaa. Nikamwambia alikotoka. Akauliza, "Amekuja na nani?" Nikamwambia mara nyingi vitwitwi wadogo wa mwaka huo husafiri bila wazazi wao, wazazi hutangulia. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Sasa alijuaje njia?"

Wanasayansi wanasema ndege hutumia jua, nyota na nguvu ya sumaku ya dunia. Ni kweli, na imepimwa. Ayubu naye aliulizwa swali kama hilo, Ayubu 39:26, kama ni kwa akili yake mwanadamu kwamba mwewe hutandaza mabawa kuelekea kusini. Majibu haya mawili hayagombani. Mtoto alitosheka na la kwanza na akaendelea kuliwaza la pili, nilimwona usoni.

Ulimbo walibaki nao, siwezi kuwadanganya. Ila tulipoondoka tawi lilikuwa limeshushwa.

"Huku hakuna kitu"

Ninyi mnaosoma hapa nawajua. Wengi mna miaka kati ya kumi na saba na ishirini na tano, na sentensi ninayoisikia zaidi kutoka kwenu ni hii: huku hakuna kitu. Maisha yako Dar. Yako Mtwara mjini, yako Dodoma, yako popote ila siyo Mtama. Msimu wa korosho ukiisha, basi la asubuhi linajaa.

Siwaambii msiende. Mbayuwayu mwenyewe anaenda. Ila fikiri kidogo. Kuna kiumbe cha gramu 20 ambacho kingeweza kutua popote kati ya Ulaya na hapa. Kimepita juu ya Roma, kimevuka bahari na jangwa la Sahara, na kimekuja kutua kwenye waya ulio mbele ya kwa mama yako. Katika ramani yake, Mtama si pembeni. Ni mahali ambapo mtu anaokoa maisha yake. Bonde la Lukuledi, ziwa la Rutamba, misitu ya Litipo na Rondo, matope ya Lindi: haya ni majina ambayo watafiti wa mimea na wanyama wamekuwa wakiyaandika kwenye vitabu vyao kwa miaka mingi. Pale Rondo kuna komba mdogo wa gramu 60 hivi aliyepewa jina la kisayansi kutokana na Rondo yenyewe. Kwa hiyo "hakuna kitu" ni sentensi ya mtu ambaye hajatazama bado.

Hapa ndipo ninaposoma tena Mathayo 6:26. Bwana anatuambia tuwaangalie ndege wa angani. Huwa tunaruka haraka kwenda kwenye fundisho, tusisumbukie chakula, na tunasahau kwamba amri ya kwanza katika mstari ule ni kuangalia. Ni amri, si pambo la hotuba. Ukiitii kwa nusu saa utagundua ni ngumu. Simu inakuita, shingo inauma, ndege amejificha nyuma ya jani, na wewe unataka kuondoka. Anayeweza kukaa kimya nusu saa akimsubiri ndege atoke nyuma ya jani, hatapata shida sana kukaa nusu saa mbele ya Ekaristi. Nimeona kwa vijana wetu.

Namna ya kutazama

Toka mapema. Jua la Oktoba huku linachomoza kama saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili unusu ndege wengi wameshatulia kivulini. Lipe jua mgongo, usije ukaona vivuli vyeusi tu. Usivae nyeupe wala nyekundu. Kijani au kahawia iliyofifia inatosha. Kama hakuna darubini, chagua mahali pazuri ukae, ndege watakusogelea wenyewe. Darubini inasaidia lakini subira inasaidia zaidi.

Beba daftari. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, ndege gani na wangapi. Kama hujui jina, chora: urefu wa mdomo, rangi ya miguu, mkia ukoje. Mwulize babu au bibi kwa lugha ya nyumbani, maana wazee wana majina ambayo hayapo kwenye kitabu chochote, na wakiondoka wanaondoka nayo. Wenye simu zenye intaneti wanaweza kutuma orodha zao kwenye programu ya eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ambayo ni ya bure, na kuna shirika la Nature Tanzania linaloshughulika na ndege wa nchi yetu. Mkoa wetu una watu wachache wanaoandika. Daftari la kijana mmoja wa Mtama linaweza kuwa na taarifa ambayo hakuna mwingine anayo.

Kwenye mashamba ya chumvi omba ruhusa kwa mlinzi kwanza. Kwenye mto na ziwa uliza wenyeji habari za mamba na kiboko kabla hujasogea majini. Na nendeni angalau wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake.

Jumamosi ya pili ya Oktoba ni Siku ya Ndege Wanaohama Duniani. Inaadhimishwa mara mbili kwa mwaka, nyingine ni Jumamosi ya pili ya Mei. VIWAWA, TYCS na vijana wa jumuiya ndogo ndogo mnaweza kuitumia kwa matembezi ya asubuhi na kumalizia na masifu. Mkikaa kujadili, zungumzeni maswali haya: Je, kuna mgeni yupi, mwenye mabawa au mwenye miguu miwili au mwenye kundi la ng'ombe, ambaye tumesema "si wa kwetu, amekuja kula tu"? Watu wa Pangti walikunja nyavu zilizokuwa zinawalisha. Kwetu wavu ni nini? Na swali la tatu, ambalo kila mmoja alijibu bila kuangalia simu: mbayuwayu wa kwanza mwaka huu umemwona tarehe ngapi?

Wakishakaa msimu wote, wataondoka Machi na Aprili. Ndege wa bluu ndio wa kusubiriwa hasa, kwa sababu wakati wa kurudi wanapita ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki kwa makundi makubwa kuelekea kaskazini. Mara nyingi inaangukia karibu na Juma Kuu au Pasaka. Acheni ukurasa mtupu kwenye daftari kwa ajili ya siku hiyo.